Kanyagio

Baba aliendesha treni miaka ishirini na tisa,
Tabora hadi Kigoma, Kigoma hadi Tabora,
na hakuwahi kushika usukani.
"Njia imeshalazwa," alikuwa akisema. "Kazi yangu ni kutolala."
Chini ya mguu wake palikuwa na kanyagio.
Kila baada ya muda sharti alibonyeze,
la sivyo kengele inalia, kisha breki zinajifunga zenyewe.
Hivyo usiku kucha, Kaliua, Nguruka, Malagarasi,
treni ilikuwa ikimuuliza: Upo?
Na mguu unajibu: Nipo.

Ndege yangu haiulizi.

Saa moja na robo asubuhi, uwanja wa Kigoma.
Abiria arobaini na mmoja,
dumu la mawese limezungushiwa gundi kama jeraha,
harufu ya dagaa imekwishapanda kabla ya wenyewe.
Safari yote tulikuwa tumeiandika kwenye kompyuta,
kuondokea kusini, kona kwa kona.
Kisha upepo ukageuka. Mnara ukasema: kaskazini.
Kapteni Kasubi akasema sawa, nami nikasema sawa.
Tukaigeuza ndege
na hatukuyageuza mawazo ya mtambo.

Mtambo ule, moyoni, nauita Butoyi.
Mimi ni Bukuru, niliyetangulia kuzaliwa;
Butoyi, pacha wangu, alinifanyia hesabu darasa la sita lote.
Nilipata tiki nyekundu mpaka daftari likaisha.
Siku ya mtihani wakatuketisha madawati mbalimbali.

Magurudumu juu.
"Washa," akasema Kasubi. Nikawasha.
Mikono yetu ikarudi mapajani
kama wageni walionawa baada ya kula.
Na kwenye kioo, ule mstari wa rangi ya waridi,
mzuri, usio na shaka hata chembe,
ukapinda kulia.

Kulia ni vilima.
Kushoto ni ziwa, na kushoto ndiko tulikokubaliana
kupandia kwanza, mpaka tuwe juu ya kila kitu.
Ndege ikaufuata mstari kwa adabu.
Nami nikautazama mstari, nikauamini kuliko dirisha,
sekunde nne.
(Nimezihesabu baadaye, kitandani. Wakati mwingine zinakuwa sita.)

Dirishani: bati jipya, linawaka.
Mwanamke anaanika godoro.
Niliona doa la godoro.
Mtu wa angani hapaswi kuona doa la godoro.

"Butoyi, umekosea," nikasema kwa sauti,
na Kasubi akageuka kuona nazungumza na nani.
Nikabonyeza kitufe chekundu.
King'ora kikalia, na uzito wote ukanishukia mikononi
kama mtoto wa mtu aliyelala, unapokabidhiwa bila kuulizwa.
Nilikuwa nimesahau kwamba ndege ina uzito.
Kushoto. Taratibu. Pua isidondoke.
Kiganja kilikuwa kinatetemeka, lakini kilikuwa kinajua,
kijinga kijinga, kama anayekumbuka njia ya kwao gizani.
Kisha maji, maji tu, na upande wa pili milima ya Kongo
imesimama mbali, haituhusu.

Kasubi akaandika njia upya, kimya, kidole kimoja.
Tulipopita juu ya Uvinza akakohoa:
"Ripoti tutaiandika wote wawili."
"Wote wawili," nikasema.
Nyuma yetu mtu aliomba soda.

Jioni nikampigia baba. Yuko Gungu, hasikii vizuri
ila sauti za injini hazimpiti.
"Asubuhi mlilalia upande wa reli," akasema.
"Ndiyo."
"Halafu mkanyooka."
"Ndiyo, baba."
"Nani alikuwa anaendesha?"
Nikafikiri kumdanganya. "Mimi. Dakika tatu."
"Na zilizobaki?"

Chumba cha hoteli kilikuwa na feni inayojizungusha,
taa inayojizima.
Sikumjibu.
Nilipoangalia chini, mguu wangu wa kulia
ulikuwa umekanyaga sakafu, kwa nguvu,
ukaachia,
ukakanyaga tena.